Je, Wajua? Ukoo wa Injini Zinazopanda Kanyaruchinya

Kwenye Barabara ya Taifa namba 2, pale Kanyaruchinya kaskazini mwa Goma, vyombo vya aina mbili hupishana siku nzima. Chukudu, zile skuta za mbao, zinateremka kutoka Kibumba zimelemewa viazi, kabichi na makaa, hazina injini wala tanki, mteremko wa volkeno ndio unaozisukuma. Magari nayo yanatoka mjini yakipanda kuelekea Kibati na Rutshuru: Carina za zamani, RAV4, Noah, Ist, Corolla, na moja moja ambayo jina lake la nyuma limeshabanduka. Watu wa nje wanaijua Kanyaruchinya kwa habari za vita na kambi za waliokimbia makwao, mwaka 2012 na tena kuanzia 2022. Safari hii tuache habari hizo, tufungue boneti.

Chini ya boneti hizo, majina yote yale yanapungua na kubaki koo chache tu.

Ukoo wa injini ni nini hasa?

Kiwanda hakichori injini mpya kwa kila gari. Kinachora bloki moja, kinapanga mashine za kuichonga, kisha kwa miaka 10, 20 au zaidi kinazalisha ndugu zake: huyu ana tundu pana zaidi, yule pistoni yake ina safari ndefu zaidi, mwingine kapewa kichwa cha silinda cha mashindano. Umbali kati ya silinda na silinda haubadiliki, na vipuri vingi huingiliana.

Ndiyo maana RAV4 ya miaka ya 1990 na Noah ya wakati huohuo, magari yasiyofanana kwa umbo wala kwa kazi, yanaweza kuwa na injini ileile ya 3S-FE ya sentimita za ujazo 1,998. Kwenye RAV4 imekaa kukingama, mbele ya dereva. Kwenye Noah imelazwa ubavu chini ya viti vya mbele, na fundi huifikia kwa kuinua kiti. Ist, Vitz, Platz, Raum ya pili, Probox, Succeed, Fielder na Allion ya 1.5 nazo zinakutana kwenye ukoo mwingine, wa NZ. Mwenye duka la vipuri hakuulizi una gari gani. Anakuuliza injini.

Moto wa ndani unaupita wa mlimani

Je, wajua kwamba moto ulio ndani ya silinda ya Ist ni mkali kuliko lava ya Nyiragongo?

Lava ya mlima wetu hutoka ikiwa na joto la nyuzi 1,100 hadi 1,200 hivi za Selsiasi, na kwa uchache wake wa silika ni miongoni mwa lava nyepesi kutiririka kuliko zote duniani. Ile ya Januari 1977 inakadiriwa ilishuka mlimani kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa. Ile ya tarehe 22 Mei 2021 ilikata barabara hii hii ya Rutshuru na kuishia Buhene, ukingoni mwa jiji. Lakini mchanganyiko wa hewa na petroli unapowaka ndani ya silinda, gesi yake hupita nyuzi 2,000.

Sasa fikiria kwamba bloki ya 1NZ-FE imetengenezwa kwa alumini, madini yanayoyeyuka kwenye nyuzi 660. Kwa nini isiyeyuke? Jibu la kwanza ni muda. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda inawaka mara 25 kwa sekunde, na kila moto unadumu sehemu ndogo sana ya sekunde kabla hewa baridi mpya haijaingia. Jibu la pili ni maji yanayozunguka kwenye mifereji ya bloki, na oili inayorushwa kwenye tumbo la pistoni. Ukutani mwa silinda, palipovikwa ala nyembamba ya chuma cha kusubu, joto hubaki nyuzi mia moja na kitu hadi mia mbili hivi. Maji yakikauka, hesabu hiyo yote inaharibika ndani ya dakika chache: kichwa cha silinda kinapinda, gasketi inaungua, na mwenye gari anaanza kutafuta injini nyingine.

Na kwa kuwa tumetaja kasi: pistoni ya 1NZ-FE ina safari ya milimita 84.7. Kwa mizunguko 6,000 kwa dakika, wastani wa mwendo wake unafika kilomita 61 kwa saa. Yaani inakwenda sawa na lava ya 1977, tofauti ni kwamba inakwenda na kurudi mara 100 kwa sekunde bila kutoka mahali pake.

Herufi zile si mapambo

Maandishi kama 3S-FE au 1NZ-FE yanasomeka, ukijua kanuni. Tarakimu ya kwanza inaonyesha ni mtoto wa ngapi kwenye ukoo. Herufi zinazofuata ndizo jina la ukoo: S, A, E, NZ, JZ. Baada ya kistari ndipo zinapokuja tabia. F ni kichwa chenye kamshafti mbili na vali zilizokaribiana kwa pembe ndogo, kilichopangwa kwa matumizi ya kawaida na kubana mafuta. G ni kamshafti mbili pia, lakini vali zimetanuliwa kwa ajili ya nguvu. T ni tabo. E ni kulisha mafuta kwa umeme badala ya kabureta. X, kama ilivyo kwenye 1NZ-FXE, ni injini iliyopangwa kufanya kazi pamoja na mota ya umeme.

Kwa hiyo 3S-GTE ni ndugu wa tatu wa ukoo wa S, mwenye kichwa cha nguvu, tabo na mfumo wa umeme wa mafuta. Huyo tutamrudia, maana ana historia Kenya.

Kanuni hii ina mtego wake. Mwaka 1935 Toyota ilitengeneza injini yake ya kwanza kabisa ya gari, silinda sita kwa mstari, lita 3.4, iliyoiga kwa karibu sana injini ya Chevrolet ya wakati huo. Iliitwa aina ya A. Kisha mwaka 1978 kampuni ikaanzisha ukoo mpya wa silinda nne na kuupa herufi A tena. Huu wa pili ndio uliotuletea 4A-FE na 5A-FE za Corolla na Carina. Kwa damu hazihusiani hata kidogo.

Jambo jingine ambalo mafundi wanalijua kwa mikono: kwenye injini nyingi za F za koo za A, E na S, mkanda wa taimingi unazungusha kamshafti moja tu. Ya pili inazungushwa na giya ndogo iliyo kati yao juu ya kichwa. Ndiyo iliyoruhusu kamshafti hizo mbili kusogezwa karibu hivyo. Ukoo wa NZ uliachana na mkanda, ukachukua cheni ya chuma inayozungusha kamshafti zote mbili. Cheni haina tarehe ya kubadilishwa kama mkanda, ila inaishi kwa oili. Pia mfumo wa VVT-i, unaowahisha au kuchelewesha vali za kuingiza hewa, unasukumwa na oili hiyohiyo. Anayenunua oili ya kupimiwa kwenye chupa, isiyojulikana ilikotoka, anaichezea mifumo yote miwili kwa pamoja.

Kwa nini 1,498 na siyo 1,500?

Angalia namba: 5A-FE ni 1,498. 1NZ-FE ni 1,497. 3S-FE ni 1,998. Si uvivu wa wachoraji. Japani hutoza kodi ya gari kila mwaka kwa madaraja ya ujazo wa injini, na daraja linabadilika kila nusu lita. Kabla ya Oktoba 2019 gari la kati ya lita 1 na 1.5 lililipa yeni 34,500, na la kati ya 1.5 na 2 likalipa yeni 39,500. Sentimita moja ya ujazo ikizidi, mwenye gari anapanda daraja. Basi wahandisi wanakaribia mpaka na kusimama hatua moja kabla yake. Kodi ya Tokyo ndiyo iliyopima injini inayopanda Kanyaruchinya.

Ukitaka kuona ukoo unavyofanya kazi, linganisha 1NZ na 2NZ. Tundu la silinda ni lilelile, milimita 75. Safari ya pistoni ndiyo tofauti: 84.7 kwa moja, 73.5 kwa nyingine. Urefu wa mkono wa krenki ndio unaotofautisha 1.5 na 1.3.

Na kuna siri ndogo ndani ya NZ. Mstari wa katikati wa silinda haukai juu kabisa ya mstari wa katikati wa krenki. Umesogezwa pembeni kwa milimita 12. Kwa hiyo pistoni inaposukumwa chini na moto, fimbo yake inakuwa imesimama wima zaidi, na msuguano wa pistoni dhidi ya ukuta unapungua. Ukiitazama injini kwa macho huwezi kuliona hilo.

Moja, tatu, nne, mbili

Muulize fundi yeyote mpangilio wa kuwaka wa silinda nne, atakujibu bila kuinua kichwa: 1-3-4-2. Kwa nini si 1-2-3-4? Kwa sababu krenki ya silinda nne kwa mstari imepindwa kwa namna ambayo pistoni ya kwanza na ya nne hupanda pamoja, huku ya pili na ya tatu zikishuka. Ikishawaka ya kwanza, nusu mzunguko baadaye walioko juu ni ya pili na ya tatu tu, kwa hiyo mmoja wao lazima afuate. Ya nne inafuata baada yake. Kwenye injini za zamani zenye waya za plagi, kubadilisha waya mbili kimakosa kuliifanya gari ikohoe kutoka mtaa wa Majengo, mjini Goma, hadi Kibati. NZ ina koili yake juu ya kila plagi, na mchezo huo umekwisha.

Mpangilio huo una kasoro isiyotibika kirahisi. Pistoni zinazopanda hazisafiri kwa mwendo uleule na zile zinazoshuka, kwa sababu ya pembe ya fimbo, na hapo unazaliwa mtetemo unaopiga mara mbili kwa kila mzunguko. Mwingereza Frederick Lanchester alipata dawa mwanzoni mwa karne ya 20: shafti mbili zenye uzito upande mmoja, zikizunguka kwa kasi maradufu ya krenki, kwa mielekeo tofauti. Kwenye ukoo wa S, Toyota iliziweka kwenye 5S ya lita 2.2. 3S haikupewa, na ndiyo maana Noah ikisimama kwenye foleni na mpira unaoshikilia injini yake umechoka, abiria wa mbele anatetemeka mpaka mashavuni.

Silinda sita kwa mstari hazina shida hiyo kabisa. Nguvu zote zinafutana zenyewe, bila shafti ya kusaidia. Ukipanda Mark II ya GX100 au GX110 huko Dar es Salaam, yenye 1G-FE ya lita 2, utaelewa kwa nini wenyewe wanaisifia ulaini. Mark X iliyoirithi mwaka 2004 iliacha mstari na kuchukua V6, fupi zaidi na rahisi kuibana mbele ya gari.

Hewa ya huku juu

Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na Kanyaruchinya iko juu zaidi ya ziwa. Kwenye ufuko wa ziwa tu, msukumo wa hewa ni kama asilimia 84 ya ule wa Mombasa. Injini isiyo na tabo inavuta ujazo uleule wa hewa popote ilipo, ila huku juu ujazo huo una oksijeni pungufu. 1NZ-FE iliyoandikwa kiwandani nguvu za farasi 109 inafika Goma ikiwa na kama 90. Inapoteza takriban asilimia 1 kwa kila mita 100 za kupanda. Dereva anayesema gari lake lilikuwa na nguvu kule Dar na limechoka baada ya kufika huku, mara nyingi gari halina ubaya wowote.

Kabureta iliteseka zaidi. Ilipimwa kwa hewa nzito ya chini. Ikifika mlimani ilimwaga petroli ileile kwenye hewa nyepesi, plagi zikajaa masizi na moshi ukawa mweusi. Mafundi wa zamani walibadilisha jeti ndogo. Injini za E hazihitaji hilo. 3S-FE ina sensa inayopima msukumo wa hewa ndani ya manifoldi, 1NZ-FE inapima wingi wa hewa inayopita kwenye bomba, na kompyuta inapunguza mafuta yenyewe.

Kitu ambacho wengi hawakijui ni kuhusu kifuniko cha rejeta. Kwa urefu wa Kanyaruchinya, maji kwenye sufuria iliyo wazi yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Feni ya rejeta kwenye magari mengi haianzi kuzunguka mpaka maji yafike nyuzi 93 hadi 95. Maana yake, bila kifuniko kinachoziba sawasawa, maji yanaanza kuchemka kabla au wakati uleule feni inapoamka. Kifuniko kizima kinashikilia msukumo wa takriban baa moja juu ya ule wa nje, na kinapandisha kiwango cha kuchemka kwa nyuzi 20 hivi. Kuna madereva wanaokibadilisha na kipande cha mfuko wa plastiki kilichofungwa kwa waya. Kule pwani wanaweza kwenda nacho siku kadhaa. Kwenye kupanda kwa Kibati hawafiki mbali.

Faida moja ipo: kwa kuwa hewa inayobanwa ni pungufu, injini huku haigongi kirahisi. Petroli hafifu, ambayo ingeifanya ipige kelele za chuma ikiwa Tanga, inavumilika zaidi Goma. Wanaonunua kwa kadhafi, wale wauzaji wa bidoni kando ya barabara, wamekuwa wakisaidiwa na mlima bila kujua. Maji na mchanga ndani ya bidoni, lakini, mlima hausaidii kitu. Hapo ni kazi ya kitambaa kwenye faneli na chujio la mafuta.

Lita moja ya maji

Je, wajua kwamba kila lita ya petroli inayochomwa inazaa karibu lita moja ya maji? Haidrojeni iliyo ndani ya petroli inaungana na oksijeni ya hewa. Maji hayo yanatoka kwenye ekzosi kama mvuke, na asubuhi ya baridi unaona yakidondoka. Kwenye tambarare ya lava ambako mvua inapenya kwenye nyufa za mawe bila kuacha kijito, na wanawake wanapanga foleni na bidoni zao, ni hesabu ya kuumiza kidogo. Na hayanyweki, yamechanganyika na tindikali na masizi.

Kuhusu hewa: lita hiyo moja inahitaji kilo 11 za hewa ili iungue vizuri. Hapa Goma ni karibu mita za ujazo 11, dhidi ya 9 hivi za pwani. Hewa yote hiyo inapita kwenye chujio moja la karatasi, kwenye barabara ambayo vumbi lake ni lava iliyosagwa na matairi. Chembe za mwamba huo ni ngumu kiasi cha kukwaruza ukuta wa silinda. Ringi zikishaliwa, moshi wa bluu ndio unaotangaza. Ukiniuliza ni kipuri gani cha bei ndogo kinachodharauliwa kuliko vyote katika mji huu, nitakuambia chujio la hewa.

Ndugu yake RAV4 alishinda Safari Rally

Injini ya RAV4 tuliyoitaja ina ndugu wa damu aliyeshinda mashindano magumu kuliko yote ya Afrika Mashariki. 3S-GTE ndiyo iliyokuwa ndani ya Celica za magurudumu manne zilizoshinda Safari Rally mwaka 1990 kwa Björn Waldegård, 1992 kwa Carlos Sainz, na 1993 kwa Juha Kankkunen, mwaka ambao Toyota ilichukua nafasi nne za kwanza zote. Mwaka 1994 akashinda Mkenya, Ian Duncan. Tundu milimita 86, safari ya pistoni milimita 86, sawasawa na 3S-FE ya Noah. Kichwa, tabo na pistoni ndivyo vilivyotofautisha, na nguvu za farasi zikakaribia 300.

Kisa ninachokipenda zaidi, hata hivyo, ni cha 1973, na ni cha ukoo mwingine: L wa Nissan. Ukoo huo ulikuwa na silinda nne na silinda sita kutoka mchoro mmoja. L16 ya silinda nne, iliyokuwa kwenye Datsun 1600 SSS, ilimpa Edgar Herrmann ushindi mwaka 1970. L24 ya silinda sita, yenye tundu lilelile la milimita 83, ilimpa tena 1971 ndani ya Datsun 240Z. Kisha 1973 madereva wawili walimaliza wakiwa sare kwa pointi: Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, kwenye 240Z ya silinda sita, na Harry Källström wa Sweden kwenye Datsun 1800 SSS ya silinda nne. Ukoo mmoja, matawi mawili, hesabu ileile baada ya maelfu ya kilomita za tope na vumbi. Kanuni ya kutengua sare ikampa Mehta. Baadaye akashinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, na zote kwa silinda nne.

Joginder Singh, Simba wa Kenya, naye alipata ushindi wake wote watatu kwa silinda nne kwa mstari: Volvo PV544 mwaka 1965, kisha Mitsubishi Colt Lancer 1974 na 1976.

Kabla ya Toyota

Mjerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam tarehe 10 Agosti 1907 akafika Swakopmund, pwani ya Atlantiki, tarehe 1 Mei 1909, wa kwanza kuvuka Afrika kwa motokari. Ilimchukua karibu miezi 21, mingi ikiwa ya kusubiri vipuri. Mwaka 1925 msafara wa Citroën, magari yenye minyororo nyuma na injini ndogo za silinda nne zisizofika hata lita moja na nusu, ulivuka kaskazini mwa Kongo kupitia Stanleyville, Kisangani ya leo, hadi Kampala, ukagawanyika hapo vikosi vinne, kimoja kikaelekea Mombasa na kingine Dar es Salaam. Injini ndogo kuliko ya Ist ya 1.5, na barabara hakuna.

Zinatoka wapi?

Injini ikifa, watu wachache wanaifufua. Wengi wananunua nyingine iliyotumika. Inakatwa Japani kwenye gari lililostaafu, mara nyingi inapitia Sharjah, kisha inashushwa Mombasa au Dar es Salaam. Kisekka kule Kampala na Kirinyaga Road kule Nairobi ni masoko ambayo mafundi wa Kivu wanayajua kwa sifa hata kama hawajafika. Magari yenyewe yanakuja kwa njia hiyohiyo na usukani wake kulia, wakati Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Kwa hiyo dereva wa Goma anakaa upande wa mtaro, na anapotaka kulipita lori kwenye kona ya Kibati, abiria wa kushoto ndiye anayeona mbele. Mazungumzo ya hapo yanakuwa mafupi: "Twende?" "Bado, papa, kuna fuso."

Kinachokwenda upande wa pili kinatoka milimani kwetu. Tantalamu, inayosafishwa kutoka koltani, hutengenezewa kapasita ndogo zinazotumika kwenye simu, kompyuta na vifaa vya umeme vya magari. Rubaya, katika Masisi, inakadiriwa kutoa kama asilimia 15 ya koltani ya dunia.

Probox

Kenya, Probox imekuwa gari la miraa: inapakiwa Meru, inakimbizwa kabla majani hayajanyauka. Kiwandani imeandikiwa mzigo wa kilo 400 na watu wawili. Wanaoipakia hawajawahi kusoma karatasi hiyo. Ndani yake kuna 1NZ-FE, au 2NZ-FE kwa ya 1.3 ya zamani.

Na ndugu wa 1NZ-FE ndiye aliyekuwa kwenye Prius ya kwanza, Desemba 1997. Hiyo 1NZ-FXE inachelewa kufunga vali za kuingiza, inarudisha sehemu ya hewa ilikotoka, kisha inapanuka zaidi ya ilivyobana. Inatoa nguvu kidogo kwa mafuta machache, na mota ya umeme inajazia pengo. Mwaka 2018, miaka 21 baadaye, Toyota ilipotaka Probox ya mseto kwa ajili ya wasambaza mizigo wa Japani, haikuchora injini mpya. Ilichukua 1NZ-FXE.